Mito iliyolala: uchambuzi wa kisa cha mama wa wiki 31 kwenye kitanda cha masaji, Kisumu

Kisa hiki kilitokea katika chumba changu cha masaji hapa Kisumu. Kosa lilikuwa langu, kwa hivyo sina wa kumficha upande huo. Mama mwenyewe alikubali kiandikwe mradi asijulikane, nami nimebadilisha kazi yake na mambo madogo ya nyumbani kwake. Nitamwita Mama M. Namna alivyolala, mito ilikuwa mingapi na dakika ngapi zilipita, hayo sikuyagusa.

Nawaandikia wakandaji wenzangu, hasa mnaokanda wajawazito katika vyumba vidogo au majumbani mwao, mahali ambapo kitanda hakipandi wala kushuka kwa mota na mto ni ule ule wa kulalia.

## Alivyokuja

Ilikuwa mwezi wa pili, saa nane mchana, joto la Kisumu likiwa limekaa juu ya mabati kama mtu aliyekuja kudai. Mama M. alishuka kwenye tuktuk pamoja na mama mkwe wake. Mama mkwe aliingia, akavuta kiti hadi karibu na kichwa cha kitanda, akasema yeye hatoki. Kwa kawaida huwa naomba wanaosindikiza wasubiri nje. Siku hiyo nilimwacha tu, kwa sababu ya umri wake na kwa sababu nje hakukuwa na kivuli.

Mimba ilikuwa ya pili, wiki 31. Kazi yake ni ya kusimama kutwa sokoni. Alikuwa na maumivu mahali pawili. Tako la kushoto, juu karibu na mfupa wa nyuma wa nyonga, lilimchoma kila alipogeuka kitandani, alipopanda matatu, au aliposimama kwa mguu mmoja ili avae. La pili lilikuwa bega la kushoto, ambalo yeye alisema "limekufa".

Nikamwuliza analala vipi.

"Kushoto tu, dada. Niliambiwa nisithubutu kugeuka kulia, mtoto atakosa hewa."

Kwa zaidi ya miezi miwili, usiku kucha, uzito wote wa mwili ulikuwa juu ya bega moja. Akiamka kwenda haja anarudi kulalia pale pale. Aliwahi kuzinduka usiku akajikuta amelala ubavu wa kulia, akalia hadi mumewe akaamka.

Kitabu chake cha kliniki kilionyesha presha ya 112/70 wiki moja nyuma, damu 10.6, na vidonge vya madini ya chuma alivyokuwa akimeza. Damu chini ya 11 kwa mjamzito huhesabiwa kuwa pungufu, ingawa yake haikuwa ya kutisha. Hakuwa na sukari, hakuwa ametokwa na damu, na mtoto alikuwa anacheza vizuri. Miguu ilivimba jioni kwenye vifundo, yote miwili sawa, na asubuhi uvimbe ulikuwa umeshuka. Nilimwuliza kuhusu kichwa kuuma sana, kuona ukungu au vimulimuli, kuvimba uso na mikono, na maumivu chini ya mbavu. Angejibu ndiyo kwa hata moja, nisingemgusa. Ningemrudisha kwenye tuktuk aende hospitali siku hiyo hiyo, maana hizo ni dalili za presha ya mimba, na mafuta ya nazi hayateremshi presha. Nikatazama mashavu ya miguu kama kuna moja lililovimba kuliko jingine, lenye moto, jekundu au linalouma likiguswa. Hakuna.

Swali moja sikuuliza: alikula saa ngapi. Nilikuja kujua baadaye kwamba tangu uji wa saa moja asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni.

## Nilichoamua, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa tumbo, na haukunitoka mwenyewe. Mama mkwe alisema: "Mkande tumbo pia, mtoto akae sawa. Mimi nyamrerwa alinikanda kwa wote sita, nimelala chali hivi, na wote wako hai."

Hilo si neno la kupuuza. Nyamrerwa, mkunga wa kijijini, amewashika akina mama wa Nyanza miaka mingi kabla ya kitanda changu, na wengi wetu tumetoka mikononi mwake. Lakini nilimwambia mama wazi kwamba tumbo sitalibonyeza. Mtoto wa wiki 31 ana nafasi bado. Wengi hujigeuza wenyewe kichwa chini kufikia wiki ya 36. Asipogeuka, daktari anaweza kujaribu kumgeuza kwa mikono kuanzia wiki ya 36 au 37, akiwa na mashine ya kusikiliza moyo wa mtoto na chumba cha upasuaji karibu. Sababu ya tahadhari hiyo ni kwamba kumsukuma mtoto kwa nguvu kunaweza kuondoa kondo la nyuma mahali pake. Mama mkwe alinisikiliza, akatazama dari, akasema "haya". Ile haya ya kuahirisha kesi.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa namna ya kumlaza. Chali hapana. Mji wa mimba unapofika usawa wa kitovu, kama wiki ya 20, unakuwa na uzito wa kutosha kuulalia ule mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni kutoka miguuni na nyongani, vena kava ya chini. Mshipa huo ni laini, umepita mbele ya uti wa mgongo kidogo kwa kulia. Ukibanwa, moyo unapata damu kidogo ya kusukuma, presha inashuka, na mtoto naye anapunguziwa. Kifudifudi hapana, hata kwenye kile kitanda chenye shimo la tumbo ambacho wateja huniuliza kwa nini sina. Tumbo linaloning'inia shimoni halina kinacholishika. Linavuta kano za mji wa mimba na kuongeza mpindo wa kiuno, na kiuno ndicho mama amekuja kukilalamikia. Halafu shimo ni moja, matumbo si mamoja.

Ulibaki ubavu, au kuketi akiegemea mbele, au nusu-kuketi mgongo ukiwa juu. Ubavu wa kushoto aliukataa mwenyewe kwa sababu ya bega. Ubavu wa kulia haukunijia hata mdomoni. Nami nilikuwa nimefundishwa "kushoto tu", nikaifundisha wengine, na mama alikuwa ameshaniambia hofu yake. Kwa hivyo nikachagua nusu-kuketi, kama nyuzi 45, nikijiambia kwamba si chali.

Nilikuwa na mito minne: mitatu ya kulalia, ya nyuzinyuzi, na mmoja wa kochi. Yote nikaipanga nyuma ya mgongo. Chini ya magoti hapakubaki kitu. Taulo niliyoikunja niliiweka chini ya vifundo kwa ajili ya uvimbe. Kitanda chenyewe kimevikwa ngozi ya plastiki, na juu yake shuka.

Mkandaji mwenye uzoefu akisoma aya hiyo ataona ajali inakuja kama lori lisilo na breki. Mimi nilikuwa na uzoefu wa miaka tisa na sikuona.

## Kilichotokea

Nilianza na shingo na mabega, nikiwa nimesimama kichwani. Dakika kumi. Bega la kushoto lilikuwa gumu kama goti. Akapumua vizuri, akafunga macho.

Stima ikapotea. Feni ikasimama. Tukacheka, tukasema maneno ambayo kila mtu husema stima ikipotea.

Kama dakika ya 12 nikahamia miguuni. Nilikaa kwenye kistuli kifupi, mafuta mkononi, nikawa napitisha kiganja kutoka kifundoni kwenda juu polepole, kwa wepesi. Ndani ya paja na kwenye shavu la mguu sibonyezi mjamzito yeyote: damu ya mimba huganda haraka kuliko kawaida, donge huweza kujificha kwenye mshipa wa ndani, mara nyingi wa mguu wa kushoto, na kidole gumba kinaweza kulitoa likaelekea mapafuni. Hilo nililizingatia. Lakini baada ya kila mpapaso nilishika kisigino nikakivuta kidogo, mvuto mtamu ambao wateja wote wanaupenda.

Fikiria sasa. Mgongo uko kwenye mteremko wa mito laini. Magoti yamenyooka, hayana cha kuyazuia. Shuka inateleza juu ya plastiki. Na mtu ameketi miguuni, anavuta.

"Uko sawa, Mama M.?"

"Niko sawa."

Kutoka kwenye kile kistuli nilikuwa naona nyayo, magoti, na tumbo. Uso ulikuwa nyuma ya tumbo. Hilo ni jambo dogo kabisa na ndilo lililonishtua zaidi nilipolifikiria usiku: kwa dakika kumi na tatu sikuwa nimemwona mteja wangu usoni, na wala sikujua kwamba simwoni.

Dakika ya 20 nikauliza tena. "Niko sawa." Sauti ilikuwa imeshuka. Nikadhani ni usingizi, nikafurahi.

Dakika ya 25 mama mkwe alisimama. "Nyathina (mtoto wangu), mbona midomo yako iko hivi?"

Nilipoinuka nikaona. Midomo ilikuwa kama imepakwa majivu. Jasho limekaa juu ya mdomo na kwenye paji la uso, na kwa joto lile nisingelitilia maanani. Kidevu kilikuwa kimeingia kifuani. Mito mitatu ilikuwa imelala bapa, ule wa kochi umetokea upande wa nyuma, na mabega yake yalikuwa yamefika mahali ambapo mwanzoni palikuwa na kiuno. Nilikuwa nimemketisha, sasa alikuwa karibu chali.

"Nasikia kutapika," akasema. "Na moyo unakimbia."

Sikumwinua kumkalisha. Mtu ambaye presha imeshuka ukimsimamisha au kumkalisha ghafla unaweza kumwangusha mikononi mwako. Nilimwambia akunje magoti, ayashikanishe, nikashika bega na nyonga pamoja nikamzungusha mara moja upande wa kushoto. Hapo kushoto kulikuwa na maana, kwani kunauondoa mzigo juu ya mshipa kwa haraka zaidi. Mama mkwe, bila kuambiwa, alisukuma mto nyuma ya mgongo asirudi, akaanza kumpepea kwa leso.

Baada ya kama dakika mbili rangi ya midomo ikarudi. Akavuta pumzi ndefu, akasema "aah", akauliza kama stima imerudi.

Presha niliipima baada ya kumgeuza, si kabla. Ilikuwa 98/60, na baada ya dakika kumi za kulala ubavu, 110/70. Kichefuchefu kilipoisha tukampa maji kwa funda dogo dogo na biskuti. Mtoto alicheza, mama mkwe ndiye aliyetia kiganja na kutangaza. Mama M. alikaa robo saa nzima miguu ikiwa chini kabla sijamruhusu kusimama.

Nikasema waende kliniki mchana ule ule. Mama M. aliona nakuza mambo. Nilimwambia mjamzito wa wiki 31 aliyekaribia kuzirai haruhusiwi kwenda nyumbani kwa neno la mtu wa masaji. Pesa nilikataa kuchukua. Mama mkwe akaniachia nusu chini ya chupa ya mafuta, akasema bega lilikandwa, na bega halikuzirai.

## Matokeo

Jioni nilipigiwa simu. Presha ya kawaida, moyo wa mtoto unasikika vizuri, ameambiwa ale mchana na aendelee na vidonge. Muuguzi alimwuliza kama alikuwa amelala chali, naye kwa heshima akasema hapana, "nilikuwa nimeketi". Na kweli, kwa alivyojua yeye, alikuwa ameketi.

Wiki mbili baadaye alirudi. Sikutarajia. Alisema bega lilikuwa na nafuu ya siku nne, na kwamba mama mkwe ameniruhusu.

Safari hii tulilala kwa ubavu wa kulia.

Ilichukua maneno. Nilimweleza kwamba ubavu wowote unautoa mzigo juu ya mshipa, kwamba kushoto kunapewa nafasi ya kwanza kwa sababu mshipa umeegemea kulia, lakini kulia si sumu. Kinachoshauriwa wajawazito kuanzia wiki ya 28 ni kuanza usingizi kwa ubavu, wowote ule, na wakizinduka wamelala chali wageuke, waendelee kulala. Hakuna haja ya kutoa machozi usiku. Alinitazama kama anayesubiri nicheke. Kisha akapanda kitandani.

Nitaeleza tulivyompanga, maana hapa ndipo kazi ilipo.

Kichwani, mto mmoja mgumu wa kujaza nafasi iliyo kati ya sikio na bega, ili shingo isining'inie wala isisukumwe juu. Nikisimama nyuma yake nataka kuona uti wa mgongo umenyooka kama kamba ya kuanikia iliyokazwa. Bega la chini nalitoa mbele kidogo, alalie upande wa nyuma wa bega, si kiungo chenyewe. Mama anaweza kulivuta mwenyewe ukimwambia "toa bega". Mbele ya kifua, mto wa kukumbatia, ili mkono wa juu upate pa kukaa na kifua kisijikunje.

Kati ya miguu ndipo wengi tunapokosea. Tunaweka mto kati ya magoti, tunaridhika, na kifundo cha juu kinabaki kinaning'inia, kinavuta paja kwenda ndani, paja linavuta nyonga. Kwa mama mwenye maumivu ya nyonga kama huyu hilo ni kumwongezea. Mto uende kutoka gotini hadi kifundoni, na uwe mnene kiasi kwamba paja la juu liko usawa na nyonga, halishuki. Mito miwili ya kulalia haikutosha. Ilibidi blanketi lililokunjwa.

Chini ya tumbo nikaingiza leso iliyokunjwa mara nne, pembeni tu, ilishike tumbo bila kulisukuma. Ukiiingiza zaidi mama anaanza kugeuka nyuma. Nyuma ya mgongo, blanketi lililoviringishwa, ili akilegea asirudi chali. Hilo sikuwa nikiweka zamani.

Akiwa hivyo, tako la kushoto lilikuwa juu, wazi, tayari kukandwa. Bega la kushoto nalo juu. Vyote alivyokuja navyo mara ya kwanza vilikuwa upande mmoja, na ubavu wa kulia ungevileta vyote mbele yangu tangu mwanzo.

Nilikaa nyuma yake kwenye kistuli, nikasukuma kwa kiganja kwa mlalo, kutoka kwenye mfupa wa chini ya kiuno kwenda nje, si kwa uzito kwenda chini. Kila nilipohitaji uso wake niliinama tu. Baada ya dakika 20 tukabadilisha. Hatukuvingirika juu ya mgongo; kuvingirika kwa sekunde chache hakuna hatari, ila nyonga yake haikupenda. Magoti pamoja, miguu ikashushwa kando ya kitanda, akajisukuma kwa mikono akaketi, akapumzika, akalala upande wa pili. Upande wa pili ulikuwa wa dakika kumi tu, bega lilipoanza kulalamika.

Alikuja mara tatu zaidi, hadi wiki ya 37. Alijifungua hospitalini, salama. Nyonga haikupona kabisa kabla ya kujifungua, na sikumwahidi hivyo.

## Uchambuzi: kilichoharibika

Ningeweza kusema "mito ilikuwa laini" nikaishia hapo. Mito ilikuwa laini kweli. Wiki iliyofuata nililala mwenyewe juu ya mito ile ile, mwanafunzi wangu akapima kwa futi ya fundi nguo kutoka kitandani hadi kwenye shingo yangu: sentimita 42 mwanzo, 26 baada ya dakika 25 za kuvutwa visigino. Kutoka kwenye nyuzi 45 hadi karibu 25, na mimi sina tumbo la wiki 31 la kunivuta. Nilipoweka blanketi chini ya magoti, nilibaki karibu pale pale. Kwa hivyo nusu-kuketi inaanzia magotini. Kinachomzuia mtu asiteleze ni kilicho chini ya mapaja. Cha mgongoni kinamwegemeza tu.

Lakini ukifuata uzi nyuma zaidi, haukuanzia kwenye mito. Mtu alimwambia Mama M. "kushoto tu". Akalala kushoto tu hadi bega likafa. Bega lilipokufa akakataa kulala kushoto. Nami, kwa imani ile ile, sikumpa kulia, nikampa mteremko. Mteremko ukampeleka chali. Agizo lililowekwa ili kumwepusha na mgongo ndilo lililomfikisha mgongoni, hatua kwa hatua, na kila hatua ilionekana ya busara. Ningeulizwa siku ile kama nimevunja kanuni yoyote, ningeapa sijavunja.

Kuna sababu nyingine za kupima, na mwenzangu mmoja alinibishia kwazo: joto, njaa, damu 10.6. Vyote vinaweza kumfanya mjamzito aone giza, na naamini vilichangia. Ila joto halikupungua zile dakika mbili, stima haikurudi, na biskuti ilikuja baadaye. Kilichobadilika ni ubavu. Pia wengine hulala chali wasisikie chochote, kwa kuwa mwili una vijia vya pembeni vya kurudisha damu. Huyu, siku hiyo, na tumbo tupu na jasho likimtoka, hakuwa na akiba. Tangu hapo nauliza "umekula nini mchana huu?", na ambaye hajala anakula ndizi kwanza, anaanza kwa kuchelewa.

Halafu kuna "niko sawa". Nilimwuliza Mama M. baadaye kwa nini hakusema. Akasema alidhani ndivyo masaji inavyofanya kazi, kwamba lazima usikie kitu ndipo ujue dawa imeingia. Na kwamba nilikuwa nimejitahidi, hakutaka kunivunja moyo. Swali langu lilikuwa na sura ya salamu. Ukimwuliza mtu hapa kwa Kijaluo "idhi nade?", yaani hali yako, atakuambia "adhi maber", niko vizuri, hata kama nyumba yake inawaka, ni adabu, haikusudii kutoa habari. "Uko sawa?" ni ile ile. Siku hizi nauliza maswali yasiyojibika kwa adabu: ni mguu gani mzito zaidi? Unasikia moyo? Kidevu chako kiko juu au kimeingia kifuani? Nigeuze upande gani? Hilo la mwisho linampa ruhusa ya kuagiza bila kulalamika.

## Kilichofaa

Kumgeuza kabla ya kupima. Mashine ilikuwa kabatini, na mkono ulinitoka kuelekea kabatini kwanza, nikajizuia.

Kutobonyeza tumbo wala shavu la mguu, na kumpeleka kliniki hata alipojisikia mzima.

Na mama mkwe. Huyu mama niliyemwona kama kesi ya kuahirisha ndiye aliyekuwa ameketi mahali pa kuona. Kwa ngozi nyeusi kama yetu, kupauka hakuonekani mashavuni. Hutazamwa kwenye midomo, fizi, viganja na ndani ya kope. Yeye alikuwa akiangalia midomo ya mtoto wake, si fundi wa kitu chochote, na akaona kabla yangu. Sasa kile kiti hakitoki. Kiko kichwani, na anayesindikiza naye nampa kazi: tazama midomo, niite.

Kistuli cha miguuni nacho nimekisogeza pembeni, usawa wa goti, ili nione uso. Na kwa fundi wa makochi nilikatiwa sponji ngumu mbili, moja ya pembetatu ya mgongoni na moja ya chini ya magoti. Alizifunika kwa ile plastiki ya kochi, na kwa joto la hapa mama alitoa jasho hadi akaanza tena kuteleza. Nikazivisha leso za pamba, nikashona utepe wa kuzifunga kwenye kitanda. Pembeni utepe unanikwaza nikizunguka. Hilo bado sijalitatua.